Nikumbushe Kesho

Fundi Elinami aliifungua kompyuta yangu juu ya gazeti la juzi,
skrubu nne akazihifadhi kwenye kifuniko cha soda,
akapuliza.
Vumbi la Majengo likainuka, la kiangazi kizima,
likanipaka nyusi.
Ndani ya feni: nywele zangu,
maganda mawili ya karanga,
na mjusi mdogo aliyekauka kama ukingo wa jani la mgomba.
"Mama Mkunde," akasema, "hii haiumwi. Imekosa hewa."

Nikanyamaza.
Maneno hayo niliwahi kuambiwa,
kwenye korido ya Mawenzi, saa tisa usiku.

Miaka sita nachapa hapa, mkabala na mashine ya kusaga:
barua za kuomba kazi, kadi za michango,
ratiba za mazishi, na hizo hutakiwa jana.
Kila mtu huja na flashi yake, shingoni au ndani ya soksi,
nami huichomeka kama nikaribishavyo mgeni,
bila kuuliza ametoka wapi.
"Uliza," akasema. "Mpime mlangoni kabla hajakaa.
Flashi ni mswaki, mama. Huu wako umepita vinywa mia."
Nikacheka hadi mwenye kadi za harusi akageuka.

Kisha akanionyesha kidirisha cha pembeni:
*Sasisho liko tayari.* Vitufe viwili:
*Sasisha sasa. Nikumbushe kesho.*
"Umebonyeza kesho tangu lini?"
Tangu vuli ya mwaka juzi.
Ndetaramo naye alikuwa hivyo na kifua chake.
Kesho, tukishavuna.
Kesho, tukishalipa ada ya Mkunde.
Kesho ilifika, ikapiga hodi,
nikaifungulia peke yangu.

"Neno la siri?"
Akageuzia uso ukutani kwa adabu, na ukutani akalikuta:
kalenda ya msiba, jina la marehemu, picha akiwa na tai.
"Usiniambie ni hilo. Na mwaka wa ndoa?"
Nikajihisi kama niliyevuliwa kanga sokoni.
"Jina analolijua mtaa mzima
ni ufunguo ulioachwa kizingitini."

Ningemwambiaje?
Ndipo mahali pekee ninapomwita kila asubuhi
na mlango ukafunguka.

Nikamwambia lingine badala yake:
meseji ya Jumanne, kifurushi changu kimekwama Holili,
nilipe elfu kumi na mbili, nibonyeze hapa.
Sikuagiza kitu.
Lakini mjane hungoja hata asichoagiza,
na kidole changu kilishafika.
"Mbona palikuwa na kufuli dogo, pale juu kando ya anwani?"
"Kufuli lasema hakuna wa kuchungulia njiani.
Halisemi mwenye nyumba ni mwema.
Hata mwizi hufunga mlango akishaingia.
Soma anwani herufi kwa herufi,
kama unavyoinua noti ya elfu kumi juani."

Akaondoka na elfu ishirini na ndizi za kuchoma.

Usiku nikanakili picha zote kwenye diski ya pembeni,
nikaifunga kwenye kitambaa, iende kwa dada yangu Kibosho:
moto ukila nyumba moja, usile na nyuso.
Nikatafuta neno jipya.
Kuna sentensi aliyoisema kila mlima ulipovua wingu,
sentensi ya utani, ya kijinga, ya watu wawili.
Nikachukua herufi za mwanzo, nikachanganya tarakimu.
Siandiki hapa.

*Sasisha sasa.*
Asilimia tano. Asilimia thelathini.
*Usizime*, skrini ikaniomba,
kisha ikawa nyeusi, muda mrefu,
nami nikakaa nayo kwenye kiti cha plastiki
nikisikiliza mbwa wa jirani.
Ikawaka. Feni ikapumua bila kukoroma.

Asubuhi, wa kwanza alikuwa kijana mwenye macho mekundu.
Ratiba ya mazishi, kurasa nne, za rangi.
Akainama kwenye soksi, akatoa flashi.
Nikampa kiti, nikampa pole.
Kisha nikauliza:
"Imetoka wapi?"